Kilio cha Baraka Kwenye Spika

Jumatatu, 3 Juni
Nimepaka tena shubiri kwenye chuchu. Baraka kalamba, kakunja uso, kanitazama kama nimemwibia. Kalia mpaka sauti ikakauka. Nimekaza. Wiki ijayo naanza kazi kwa fundi cherehani Buguruni, yeye anabaki kwa jirani. Lazima aache ziwa.
Deo, mdogo wake mume wangu, kakaa mlangoni anamrekodi. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Jumanne, 4 Juni
Deo anajiita mwanamuziki wa majaribio. Hapigi gitaa, haimbi. Juzi juzi alirekodi friji letu likinguruma, akaenda kuwapigia watu Mbezi Beach. Watu wazima na akili zao wakafumba macho kusikiliza friji. Wakapiga makofi. Mie nalisikiliza kila siku, nani kanipigia makofi?
Sasa zamu ya kilio cha mwanangu. Anakikata, anakivuta, anakirudia. Kutwa, chumba cha pili.
Nikamwambia azime, mtoto wa watu analia humo.
"Shem, humu hamna mtoto. Sauti ni sauti tu. Huzuni unaiweka wewe mwenyewe."
Upuuzi. Hajawahi hata kumbeba mtoto mwenye homa.

Alhamisi, 6 Juni
Maziwa yalishaanza kukauka. Leo nafua, spika ya Deo ikalia kilio cha Baraka. Yakashuka. Gauni chapachapa. Kifua kinauma kama jipu. Baraka kasikia harufu, kaja mbio, kanivuta gauni. Nimemnyima. Tumelia wote wawili.
Nikamwendea Deo na gauni lile lile. Hii nayo nimeiweka mwenyewe? Kaangalia ukutani. Halafu, mjinga yule, kauliza kama anaweza kurekodi matone yakidondokea kwenye beseni.
Nimechomoa waya wa spika. Uko kwenye ndoo ya unga.

Ijumaa, 7 Juni
Deo kanuna. Anune.

Jumamosi, 8 Juni
Onyesho lake kesho. Kaja mpole, anaomba waya. Nikasema apige kwanza mbele yangu, mtoto akiwepo. Nilitaka Baraka aangue kilio, Deo aone haya.
Kawasha. Mie nimeshika kanga kifuani. Baraka katega sikio. Kakunja magoti. Kaanza kucheza! Anakata kiuno kama yuko kwenye singeli, anacheka, na kinacholia ni kilio chake mwenyewe. Kilio cha kunililia mie.
"Umeona, shem?"
Nimeona. Nimezidi kumchukia. Waya nimempa, na unga wake.

Jumapili, 9 Juni
Deo kaenda Mbezi Beach. Nyumba kimya.
Shubiri sikupaka. Baraka kamaliza uji, kalala begani kwangu mchana. Mkono wake shingoni, haukushuka kifuani hata mara moja. Kanga kavu.
Nimepiga pasi gauni la kazini. Nikakaa.
Friji likanguruma pale kwenye kona yake, na mie nikalia. Deo asijue.