Msamaha Usio Wangu

Mkonze, Dodoma

Shikamoo shangazi Hilda,

Huku hatujambo, mvua imeshika na karanga zimeota vizuri. Baba anakula, ila kumbukumbu zimemrudisha utotoni kwenu Kibakwe. Siku hizi anazungumza Kigogo tu, na unajua sisi wanawe hakutufundisha.

Jumapili alinishika mkono, akaniita kwa jina lako, akasimulia jambo refu huku analia. Nilibaki kuitikia tu. Mwishoni akauliza kwa Kiswahili, "Hilda, umenisamehe?"

Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Akatulia, akalala. Kesho yake nikamwita jirani ajuaye Kigogo amuulize, lakini baba alikuwa ameshasahau yote. Shangazi, sijui alikukosea nini, wala kama wewe ungemsamehe.

Mwanao,
Elieth