Pumba Alizokataa Susu

Katunge,

Du, du, du. Alfajiri nilisikia mchi kabla sijafungua macho, nikajua nyanya yetu Susu yuko jikoni anatwanga mahindi ya muthokoi kisiri. Daktari alisema ale mahindi na pumba zake kwa sababu ya sukari, naye anaziondoa zote.

Nikamnyang'anya mchi. Nilipiga kelele, unanijua. Akaketi, akasema polepole, "Kitonga, mjukuu wangu, pumba ni za ng'ombe. Mwaka wa njaa nilimkorogea mama yenu uji wa pumba tupu. Nikaapa hazitaingia tena kwa sufuria yangu. Sasa unanirudisha huko?"

Mimi ninayejiita malenga nikaketi kando yake, mchi wake mapajani. Usicheke.

Sasa sikiza. Muthokoi huo kuleni wewe na Mama. Pumba zilizo kwenye ungo mpe ng'ombe, uziloweshe kidogo. Mahindi ya kwenye debe peleka mashineni, umwambie Mulinge asiyakoboe. ~~Susu asijue ni leo.~~ Hapana, mwambie kabla hujasonga ugali. Njaa ilimtesa vya kutosha, sisi tusimdanganye.

Nimechoka, na hata mjini Wote sijafika. Usiniwekee wali jioni. Nilipotoka nilimrudishia mchi wake mkononi, nikamwambia, "Susu, ugali wa pumba hutaula peke yako. Nitakula nawe sahani moja kila jioni, mpaka ule mwaka ukutoke mdomoni."

Kaka yako