Anayesoma Kila Kibao

Baba watoto,

~~Chakula kiko kwenye friji.~~ Pika mwenyewe. Bomba la jikoni ulikaze, linavuja.

Asubuhi nikianika nguo nilikusikia ukimwambia kaka yako kwenye simu kwamba tukifika mji mkuu wa zamani utaniacha hotelini. Eti nikiingia makumbusho nasoma kila kibao kama mtoto wa chekechea, nawatia aibu. Haya. Umeenda kunyoa upendeze kwenye picha, nasi tumeondoka. Kwenye siti yako garini amekaa mama yako. Tutasoma kila kibao, hata cha chooni.

Na usijisumbue kumpigia mama yako umlalamikie. Nilipomwambia wewe huji, hakuuliza sababu. Alisema, “Afadhali,” akaenda kuchukua viatu vyake.

Mama watoto