Petroli ya Chini ya Kitanda

Jumanne, 3 Machi

Mjukuu wangu kaja mbio, viatu mkononi. Nikamwambia mkunga hakimbii. Mkunga akikimbia watu wanajua kuna maiti. Kacheka tu, hana pumzi.

Habari yenyewe: zahanati ya kule mlimani inataka mkunga mmoja. Wamebaki wawili, yeye na msichana mwingine. Sista Mkuu kasema anataka mwenye pikipiki, na iwe yake, si ya kuazima. Wanawake wa kule juu hawazai kwa ratiba ya basi. Jumatano ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, wapande wote wawili. Mlima ukimshinda mtu, basi tena.

Kaanza kunizunguka. Bibi goti vipi, Bibi umelala vipi, Bibi ile pikipiki ya Babu vipi. Sema unachotaka! Nikamwambia pikipiki ipo. Nimeiendesha mwenyewe mpaka juzi tu, goti lilipokataa. (Miezi minane. Lakini ni juzi.) Na petroli ipo, dumu zima chini ya kitanda changu. Petroli safi ya zamani, niliiweka kabla kile kituo cha njia panda hakijaanza kuchanganya spiriti.

Karuka kama kakanyaga kaa la moto. Bibi, unalalia petroli? Ndiyo, nalalia. Nimelala miaka arobaini na mzee anayevuta sigara kitandani, sikuungua.

Nimefurahi leo. Mkunga! Na mimi darasa langu lilikuwa la jioni, la wazee, mwalimu ananishika mkono kuandika A.

Alhamisi, 5 Machi

Tumeitoa stoo. Nimeifuta mwenyewe, tangi linang'aa mpaka unajiona meno. Nikachanganya petroli na oili kama Mzee alivyonifundisha. Injini hii haina mahali pake pa oili kama hizi za siku hizi. Oili inainywea ndani ya petroli. Usipochanganya inajisaga yenyewe.

Mjukuu akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Ikakohoa — puh! — ikafa. Kiki arobaini, nimezihesabu. Jasho mpaka kisigino.

Kasema, labda ni petroli.

Labda petroli! Nikamwambia, mke mwenzangu, wewe zalisha, petroli niachie mimi. Akanuna. Kununa kwake ni kwa mama yake, si kwetu.

Nikajikongoja mpaka duka la vipuri. Muuzaji mtu mzima na tai yake. Kanipangia chupa tatu mezani: hii ya kuongeza nguvu, hii ya kusafisha, hii ya risasi. Eti petroli za zamani zilikuwa na risasi ndani, yale madini, si ya bunduki, za sasa hazina, ndiyo maana injini kuukuu zinaumwa vali. Mbili za kwanza nikamrudishia. Ya tatu ikaniingia. Ya zamani yalikuwa bora, hata wenye tai wanakubali! Nikaichukua.

Ijumaa, 6 Machi

Fundi Spana kaja asubuhi. Jina lake la kuzaliwa hata mkewe nadhani kalisahau.

Kaiona ile chupa ya risasi juu ya tangi, nusu nimeshaitia. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema, Bibi, injini hii haina vali hata moja! Umempaka mwenye kipara mafuta ya nywele! Mjukuu naye kacheka. Nimemwona. Nimeweka akilini.

Kisha kafungua kabureta. Ndani njano, inanata kama gundi. Kale kajitundu ka kupitisha petroli kameziba kabisa. Akalivuta dumu langu, akanusa. Akaniangalia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi.

Kasema, Bibi, hii imekufa siku nyingi. Petroli inachacha kama maziwa.

Maziwa! Nikamwambia toka. Nikamwambia baba yako alikuwa fundi, wewe ni mfungua nati tu. Nikamwambia na mengine, siyaandiki. Kaniinamia kichwa, kaondoka, kasahau sanduku lake la spana. Adabu anayo, hilo sikatai.

Mjukuu hajala. Kazungukia nyuma ya nyumba, kajifanya anafua. Nguo moja, saa nzima.

Siku tano zimebaki.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeamka na wazo. Sisemi kitu kwa kuambiwa, nasema kwa kuona.

Nimemtuma jirani kituoni aniletee petroli ya leo, kichupa tu. Nikachukua visahani viwili vyeupe vya chai. Kimoja nikatia ya kituo, kimoja ya dumu langu. Nikaviweka kibarazani, mbali na jiko, kivulini. Nikakaa na kiti changu kama mlinzi wa benki. Kuku hawakupita.

Na nikapima spiriti. Hili alinifundisha Mzee. Chupa ya dawa ya kikohozi, nyembamba, unaitia maji kidogo, unachora mstari kwa kalamu. Unajaza petroli juu, unatikisa, unaiacha itulie. Maji yakikaa pale pale kwenye mstari, petroli ni petroli. Maji yakipanda, ujue yamemeza spiriti. Ya kituo — yamepanda! Nusu kidole! Nikapiga kofi peke yangu. Si nilisema? Si nilisema mimi!

Kisha nikarudi kwenye visahani.

Cha kituo kikavu, cheupe, kama kimeoshwa. Changu kina duara la njano. Nimeligusa, kidole kikanata. Nikanusa. Rangi ya mlango iliyooza. Wanasema ya kale hayanuki. Njoo unuse haya!

Kwa hiyo ndiyo niliyomtilia mtoto kwenye tangi. Mimi. Kwa mkono wangu, huku najisifu.

Nimekiosha kisahani kwa mchanga kabla Mjukuu hajarudi. Hakikutakata vizuri. Kakiona kikiwa kabatini, kakigeuza, kanitazama, kakirudisha. Afadhali angesema.

Nimekosea. Hapa naandika, kwa sababu daftari halina mdomo.

Jumapili, 8 Machi

Lisilo budi hutendwa. Nimebeba sanduku la Spana kichwani mpaka kwake. Zito kama dhambi. Goti linalia njia nzima.

Nimemkuta anakunywa chai. Akasimama haraka akanipokea. Nikamwambia umesahau vyuma vyako. Kasema asante Bibi. Nikakaa. Akakaa. Mkewe akaleta chai, akatutazama wote wawili, akaenda zake.

Nikasema: Ile petroli nimeitazama tena.

Kasema: Ehe.

Nikasema: Si nzuri sana.

Kasema: Ehe, Bibi.

Nikamwambia ukisema ehe tena nakupiga na hii spana. Akacheka, nikacheka. Basi yameisha. Nikamwambia na ile ya kituo ina spiriti, nimepima kwa maji. Akaacha kucheka. Kauliza nimepimaje. Nikamwonyesha. Kasema miaka yote ya ufundi anabahatisha kwa kunusa! Akaniomba kichupa. Nimemwambia atafute mgonjwa wake wa kikohozi.

Tukakubaliana. Petroli inunuliwe siku ile ile, kidogo, kwenye kituo chenye foleni, maana pale haikai. Iwe ya kawaida, si ile ya bei juu. Kasema injini hii haina mbano mkubwa, haikandamizi petroli sana, ile ya nguvu ni kumvalisha punda viatu. Spiriti haikwepeki, iko kila kituo. Inakula mipira ya zamani na inavuta maji. Kwa hiyo mpira wa petroli ubadilishwe, na pikipiki ikirudi nyumbani isilazwe na tangi lililojaa. Ile chupa ya risasi wala isiguswe.

Oili ndiyo tuliyogombania. Mzee alikuwa anatia oili moja kwa petroli ishirini na tano. Spana anasema oili za sasa ni kali zaidi, moja kwa arobaini yatosha. Nikakataa. Kakataa. Tukakutana katikati, thelathini na mbili. Kila mmoja kaondoka anadhani kashinda.

Na dumu langu kalichukua la kuoshea minyororo. Nimelala kitanda chepesi.

Jumatatu, 9 Machi

IMEWAKA!

Kiki ya tatu. Moshi wa bluu uani kote, jirani kapiga kelele nguo zake zimeanikwa. Anika kesho!

Spana kasafisha kabureta, katia mpira mpya. Mjukuu ndiye aliyepima oili. Kwa kitu gani? Kwa sindano ya hospitali! Ile kubwa isiyo na ncha. Lita nne za petroli, sindano ya mililita hamsini mara mbili, na nusu yake. Ananyonya, anagonga kwa kidole povu litoke, kama anamchoma mtu. Nikamwambia mpe pole basi, inauma. Kacheka mpaka oili ikamwagika kwenye kiatu cha Spana.

Kaizungusha mpaka sokoni na kurudi. Spana kafungua plagi, akanionyesha. Ikiwa nyeusi na mbichi, oili imezidi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tukatazamana, mimi na Spana, kama tumezaa.

Jumanne, 10 Machi

Mvua kidogo. Mjukuu kapanda mlima nusu, kashuka. Kasema inapanda. Kasema kwenye kona ya pili inalia kidogo.

Mchana nilisimama na kopo la oili mkononi, peke yangu na tangi. Nitie kijiko kimoja cha ziada, cha baraka tu. Nani ataona? Nikasimama sana. Nikalirudisha kopo rafuni.

Nakua. Umri huu!

Jumatano, 11 Machi

Katoka saa mbili na nusu. Petroli ya leo, oili ya sindano. Nguo nyeupe kaikunja mfukoni isishike moshi. Kanibusu mkono. Nikamwambia nenda, usiniloweshe.

Naandika nikiwa kibarazani. Mlima uko mbele yangu, barabara siioni, miti imeziba, lakini nasikia. Hii inasikika kama cherehani iliyokasirika, hakuna nyingine. Kona ya kwanza — kapita. Safi. Gia ya pili.

Muuza mboga kashuka na tenga lake. Kasema kuna msichana kakwama kona ya pili, na pikipiki mpya nyekundu, inang'aa, haiwaki, analia amekaa juu ya jiwe. Kavaa nguo nyeupe.

Huyo ndiye mwenzake! Mungu nisamehe, nimefurahi. Nimepiga kofi. Muuza mboga kanishangaa.

Yangu inakaribia kona ya pili. Inapanda. Inapanda.

Imezima.

Hapana. Hapana! Mpira? Kajitundu? Nimesimama, goti na lipasuke. Plagi ilikuwa rangi ya chai, niliiona mwenyewe! Muuza mboga anasema tulia Bibi. Tulia mwenyewe.

Kiki. Naisikia. Kiki ya pili — imewaka. Alhamdu!

Lakini sauti siyo ile. Nzito. Imeshuka mpaka gia ya kwanza, inatoa sauti kifuani. Hii sauti naijua. Nimekaa nyuma ya ile pikipiki miaka mingi, mimi na gunia la mahindi, najua inavyolia ikibeba wawili.

Kampakia. Mjinga huyu! Kampakia mwenzake! Anampeleka mwenyewe kwa Sista Mkuu, mlangoni, na saa tatu haijafika! Nani kamfundisha? Babu yake alikuwa hivyo hivyo, hampiti mtu njiani. Ngoja arudi. Ngoja tu arudi, nitamwambia!

Muuza mboga anauliza, Bibi mbona unacheka? Sicheki. Nyamaza nisikie.

Kona ya tatu ndiyo kali kuliko zote. Wawili juu, gia ya kwanza. Inalia. Bado inakwenda. Moja kwa thelathini na mbili. Bado inakwenda.