Nguzo za Kipande cha Bondeni

Kilolo, Iringa
25 Novemba 1956

Mpendwa kaka Didas,

Kuna mlio umekaa masikioni mwangu wiki nzima: ule waya wa seng'enge uliotutumia tuzungushie kipande chako cha bondeni, ulipong'oa nguzo ya pembeni. Ulilia mara moja, kisha kimya. Lakini kwanza, hujambo? Kifua kimepona? Wifi Evarista na mtoto wanalizoea joto la huko Kitwe? Sisi tu wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua, ila Jumapili alikwenda kanisani bila fimbo.

Kosa la nguzo lilikuwa langu. Nilichimba mashimo yote futi mbili, nikashindilia udongo, nikadhani nguzo zote zina kazi moja. Tulipokaza waya, ile ya pembeni ikatoka kama jino bovu. Baba mdogo Liberatus alicheka sana. "Mwalimu, waya haujui kusoma." Jioni ile mbuzi wake wakamaliza njegere za Mama.

Fundi Danieli, aliyetujengea nyumba, alikuja kutazama. Alisema nguzo ya pembeni huvutwa siku zote, kwa hiyo lazima ishikwe kwa nyuma: ama tumwage saruji shimoni, ama tufukie jiwe kubwa na kuifunga nguzo kwalo. Akaonya pia kwamba miti ya miwati niliyotumia itaoza usawa wa ardhi kabla ya miaka mitano.

Hapo baba mdogo akajitolea kuleta miti mibichi, ile ya maua mekundu inayochipua ukiichomeka. "Nitakupandia mwenyewe, mwanangu. Wewe kashike chaki."

Nilitaka kushukuru. Mama akaniita jikoni. "Unakumbuka kona ya kisimani? Alipanda miti miwili tu. Leo ni ya nani?" Nilikuwa nimesahau, kaka, kwamba kwetu mti hai mpakani humsemea aliyeupanda.

Nilifikiria saruji siku tatu. Saruji haina mwenyewe. Ingekulindia kipande hiki hadi urudi. Ndipo nikazisoma upya barua zako. Kila mwaka, kwa miaka sita, unaandika kwamba utarudi baada ya mavuno, na hii ya mwisho inasema mmepata nyumba ya kudumu. Sikulaumu. Lakini Mama analima kipande ambacho mwenyewe hayupo, na shemeji yake anakipima kwa macho kila asubuhi.

Lusia, mdogo wetu, anakusalimu. Amefaulu kuingia darasa la tano. Danieli pia anakusalimu, na Mama anaomba picha ya mtoto.

Sasa nikuambie nilichofanya, usije ukakisikia kwa mtu mwingine. Jana asubuhi nilikata miti mibichi ishirini na mbili, nikaipanda kwa mikono yangu kuzunguka kipande chote. Nyuma ya kila nguzo ya pembeni nimefukia jiwe, lishikilie mpaka mizizi iweze. Mama alikuwapo, na Danieli. Nilimwita baba mdogo pia, aone. Aliniuliza, "Unampandia kaka yako?" Nikamjibu, "Hapana, baba. Ninajipandia."

Mungu akulinde huko mgodini chini ya ardhi na akupandishe salama kila siku.

Mimi dada yako, nikupendaye hata katika hili,
Tekla