Vitunguu Ndani ya Landkruza

Jumatatu, 26 Mei 2025

Viti vyote vimetoka. Landkruza langu limebaki chuma na nyaya tupu — linatia huruma, na bado linapendeza. Fundi wangu wa viti, Clemensi, ameshabandika dari mpya, rangi ya maziwa, na kapeti chini. Zimebaki kava za viti: ngozi ya kahawia, uzi mweupe, soketi ya kuchajia simu kwa kila mgeni. Jumanne ijayo watu wa kampuni ya utalii wanakuja kutoka Arusha kulikagua. Likipita, msimu mzima nashusha wageni kreta kuona wanyama kwa gari langu. Lisipopita, narudi kuendesha magari ya watu.

Clemensi anasema uzi mweupe utashika vumbi, bora mweusi. Nimemwambia ashone ninachotaka. Akabisha. Nikapiga teke mlango wa gereji yake mpaka bawaba ikalegea. Jioni Bernadina kanisema: huyo ni kaka yangu, Polycarp, si kibarua wako. Mke wangu ana kaka wawili, na wote wananikaa kooni.

Kesho Clemensi anakwenda msibani Mbulu. Msiba nao umechagua wiki hii!

Alhamisi, 29 Mei

Nitaandika yote.

Nimefungua mlango wa gari gerejini asubuhi — vitunguu! Harufu imenipiga usoni. Maganda mekundu yamejaa chini ya dashibodi. Kapeti jipya limelowa maji ya vitunguu vilivyopondeka. Dari imechanwa na gunia, kipande kinaning'inia. Matope mpaka kwenye matundu ya bolti za viti. Mtu amegeuza gari langu Fuso la mizigo.

Clemensi alikuwa amepiga magoti anakata sponji. Akasema hajui lolote, ndiyo kwanza karudi kutoka Mbulu. Nikamwambia ni mwongo — ndugu yako Silvanus analima vitunguu Mang'ola, wewe ndiye uliyemwachia funguo. Akarudia kwamba hajui, bila hata kusimama. Hapo nikaokota spana ya magurudumu. Akainua mkono wa kulia kukinga kichwa. Nimesikia mfupa ukivunjika. Nikampiga tena begani, na mgongoni alipoangukia sponji. Majirani ndio walionivuta.

Niandike kweli: nilijisikia vizuri. Gari nimelirudisha nyumbani nikiwa nimekalia ndoo, usukani umenifika kidevuni, na njia nzima nilijisikia vizuri.

Ijumaa, 30 Mei

Nimesugua kapeti kwa sabuni, kwa siki, kwa majani ya chai. Bado linanuka kama jiko la hoteli.

Clemensi kafungwa plasta kuanzia vidole mpaka kiwiko. Hospitali kawaambia jeki iliteleza. Hakwenda polisi, wala hakutaja jina langu. Sijapenda.

Mchana Silvanus karuka ukuta, bila salamu. Ngumi ya kwanza imening'oa jino, ya pili sikuiona. Nikamng'ata sikio, tukabiringika mpaka banda la kuku likavunjika. Bernadina alitumwagia ndoo ya maji kama mbwa. Silvanus kaondoka sikio linavuja damu, anasema hiyo ilikuwa hodi tu.

Jumamosi, 31 Mei

Bernadina kasema akimenya ndizi, hakuinua uso. Funguo ya akiba alitoa yeye. Fuso lilikuwa limekwama Mang'ola, vitunguu vya Silvanus vinalowa mvua kando ya barabara, na gari langu halina viti. Akaona ni kama lori dogo tu. Watalifagia kabla sijaliona. Clemensi hakujua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema juzi, kabla sijaenda gereji nikamvunja kaka yake mkono. Akasema: ningesema, ungenipiga.

Nikampiga. Kofi, halafu ngumi. Jicho la kushoto. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anajua jibu kabla ya kuuliza, akajifunga kanga, akaenda kwa mama yake, huko Buger.

Naona aibu. Na bado, naandika neno hilo huku nawaza ukaguzi wa Jumanne. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 1 Juni

Mafundi wengine wa viti wamekataa. Mmoja hakufungua geti, kasemea upenyoni: kazi ya Clemensi amalize Clemensi. Mwingine kacheka tu. Kanisani benchi langu lilikuwa na mimi peke yangu.

Nikamtumia Clemensi ujumbe. Nisamehe, shemeji. Kajibu baada ya misa: kesho tunaleta viti.

Nilifurahi. Mjinga mimi.

Jumatatu, 2 Juni

Wako uani. Clemensi, Silvanus na pikapu iliyojaa viti vyangu. Bernadina kaja nao, kaingia ndani moja kwa moja. Silvanus kafunga geti, funguo katia mfukoni.

Clemensi kanieleza taratibu, kama mwalimu. Kava inapashwa moto ngozi ilainike, halafu inavutwa juu ya sponji mpaka ikaze. Anayevuta haachii, ikirudi inajikunja na ngozi imeharibika. Mwingine anakata ziada kwa kisu, sambamba na vidole vya anayevuta. Zamani nilikuwa navuta na kukata mwenyewe, kasema. Sasa mkono wangu wa kuvuta ni wewe.

Anakata kwa kushoto. Hajawahi kukata kwa kushoto.

Tumemaliza kimoja. Kisu kimepita kwenye kucha ya kidole gumba changu, kikachukua kipande chake. Hakuomba radhi, mimi sikuachia. Kiti kimetoka kizuri kuliko nilivyoota. Uzi mweupe, umenyooka. Vingine vyote bado, na mkono wake umeanza kuchoka — nimeona kisu kinavyoyumba.

Nimeingia ndani nikisingizia natafuta glavu. Bernadina anakunja nguo zake kitandani, jicho limefumba kabisa. Nimemwomba awaambie kaka zake waache. Kaniuliza kiti kimetokaje. Nikasema vizuri sana.

Kasema: basi nenda ukashike. Si kesho wanakuja kukagua?

Glavu hakuna. Nimekaa ukingoni mwa kitanda naandika haya. Clemensi ananiita, na hana hasira hata kidogo. Shemeji, anasema, njoo, ngozi inapoa.