Mama Kasema "Broken"

Jumatatu, 4 Machi
Sindano imekatika katikati ya suruali ya mteja! Mgeni yule hajui Kiswahili, basi nikampigia simu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: "Sorry, needle is broke."
Kitandani nyuma yangu, sauti: "Broken!"
Mamamkwe! Tangu apatwe na kiharusi hajatamka neno. Mwalimu wa Kiingereza mzima, kabaki macho tu. Nilimkumbatia hadi akanisukuma. Mume wangu haamini. Eti nimeota mchana.

Jumatano, 6 Machi
Dawa nimeijua: nikosee. Nikimuuliza hali, kimya. Nikisema "I have wrote", anaruka kama kakanyagwa kidole: "Written!" Nikisema "I have ate" — "Eaten!" Lile umbo la tatu la kitenzi, alilowakaririsha watoto wa watu miaka na miaka. Mume wangu kasikia mwenyewe. Akaingia chumbani kulia, akidai anatafuta chaja.
Jioni nikajaribu: "I have forgot you, Mama."
Akanitazama sana. "Forgotten." Polepole. Kisha akanishika shavu.

Ijumaa, 8 Machi
Simu ya shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Kapata nafasi kwenye nyumba ya wazee, mjini kwake. Jumapili anakuja kumchukua. Nikamwambia Mama anaongea. Akacheka — huo ni ukasuku, haelewi kitu. Mume wangu kanywea. Mbele ya kaka yake hana mdomo.
Pindo moja nimelifumua mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Kaja! Hata kuketi hakuketi. Akaanza kumhutubia Mama: huko kuna manesi, kuna bustani; hapa vitambaa kila kona na kelele za cherehani. Nikataka kujibu. Mama akainua kiganja, kama yuko darasani.
Akajigusa kifua. "Tired."
Shemeji akadakia: "Mnaona? Amechoka, anahitaji—"
Kidole cha Mama kikamgeukia. "Tiring."
Aliyechoka ni yeye, anayechosha ni mwanawe — na hakuchanganya! Mume wangu akaangua kicheko. Mimi nikauma kitambaa.
Shemeji kaketi sasa, ukingoni mwa kitanda, uso umemshuka. Mama kamvuta mkono, anaupapasa, midomo inatafuta neno jingine. Naandika huku nyuma ya cherehani, sithubutu kukohoa. Nje gari la kukodi linanguruma. Mume wangu katoka — namsikia anamwambia dereva azime injini.